Gary Kildall: alitengeneza sisteme ya ordinatere, jina likabaki kwa wengine

Mutu yeyote anayefungua ordinatere mu sekretaria ya pa Kiwanja, pa Rutshuru-santre ao ku Goma anakuta herufi moja: C. Njo mule Windows inakaa, njo mule wengi wanaweka mafishie yao. Ukichomeka flashi, inapewa herufi ingine: D, E ao F. A na B hazionekane. Wachache wanajiuliza kwa nini hesabu inaanzia ku C. Jibu linatupeleka karibu miaka 50 nyuma, ku muji mudogo wa Pacific Grove, ku mwambao wa California mu Marekani, kwa mwalimu mumoja wa chuo cha jeshi la baharini mwenye kuitwa Gary Kildall.

Huyu bwana njo alitengeneza CP/M, sisteme ya kwanza iliyoweza kuendesha ordinatere ndogo za makampuni mengi tofauti. Kwa miaka michache ilikuwa sisteme ya kila mutu. Kiisha ikageuka sisteme ya pili, ile mutu anachagua kwa kupenda kwake na kwa kulipa zaidi, na mwisho ikapotea. Anayetaka kufahamu kwa nini karibu ordinatere zote zinazofika kwetu zinakuja na sisteme moja tu, na kwa nini mwenye kutaka ingine anapaswa kuhangaika, historia ya Kildall inamufasiria mengi.

Alikufa mwaka 1994, akiwa na miaka 52. Watu wengi wanaomujua wanamujua kwa neno moja: yule mutu aliyeenda kutembea na ndege yake siku kampuni IBM ilikuja kugonga ku mulango. Neno hilo ni fupi, linafurahisha, na sehemu yake kubwa si kweli.

MUTOTO WA WALIMU WA BAHARI

Gary Arlen Kildall alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tano 1942 mu muji wa Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Jamaa yake ilikuwa na chuo cha kufundisha watu kuongoza meli. Babu alifundisha, baba akafundisha, na ilionekana mutoto naye atafuata njia hiyo. Ku masomo ya sekondari hakukuwa kati ya wale wa kwanza. Alipenda zaidi kufungua vyombo na kuvifunga tena: magari, vitu vya umeme, kila kitu chenye waya.

Mwaka 1963 alioana na Dorothy McEwen, musichana waliyejuana tangu sekondari. Tumukumbuke huyu mama, maana atarudi mu habari hii. Mu chuo kikuu cha Washington, pale pale Seattle, Kildall alianza na hesabu akifikiri kuwa mwalimu. Alipokutana na ordinatere alibadilisha mawazo. Zamani hizo ordinatere ilikuwa kitu cha kujaza chumba, na wanafunzi walipanga foleni kusudi wapewe dakika chache za kuitumia.

Ilikuwa wakati wa vita vya Vietnam, na vijana wa Marekani waliitwa ku jeshi. Kildall aliingia mu jeshi la baharini, lakini kwa sababu ya masomo yake alipata nafasi ya kufundisha. Tangu 1969 alikuwa mwalimu mu chuo kikuu cha jeshi la baharini ku Monterey, California. Mwaka 1972 alimaliza udoktere wake ku Seattle. Mwaka mumoja mbele ya hapo, kampuni Intel ilikuwa imetangaza kitu kipya: mikroprosesa 4004, ubongo wa ordinatere ulioingia mu kipande kidogo kupita ukucha. Kildall alinunua kamoja na kuanza kukajaribu.

Siku zake za mapumuziko akaenda kufanya kazi kwa Intel. Aliwatengenezea lugha ya kuandikia programu, PL/M, na Intel ikamulipa sehemu kwa vyombo, si kwa feza tu. Njo vile alipata ordinatere ndogo ya kujaribia nyumbani, wakati ambapo karibu hakuna mutu mwingine mwenye ordinatere mu nyumba yake.

MASHINI BILA MUONGOZI

Tusimame hapa kidogo, maana neno sisteme linasemwa sana na linaelezwa kidogo. Ordinatere ukiiwasha ikiwa tupu, haijui kitu. Haijui kusoma klavye, haijui kuandika ku ekra, haijui mafishie yako yako wapi ku diske. Inaomba programu moja ya kuamuka mbele ya zingine zote na kuzigawia kazi. Fikiri parking ya magari pa Kiwanja: kama hakuna mutu wa kusema gari gani inapakia kwanza na gani inangojea, madereva watagombana na hakuna gari itatoka. Huyo mutu wa parking njo sisteme. Windows ni sisteme, Linux ni sisteme, Android mu telefone ni sisteme.

Miaka ya 1972 na 1973, ordinatere ndogo hazikuwa na muongozi wa namna hiyo. Diske ndogo za kuingiza na kutosha, zile wazee wetu wa sekretaria walizijua kwa jina la diskete, zilikuwa zimetoka tu. Kildall alipata mashini moja ya kuzisoma, lakini hakuweza kuiunganisha na ordinatere yake. Rafiki yake John Torode akamutengenezea vyombo vya kuziunganisha. Mwaka 1974, mu Pacific Grove, sisteme ya Kildall iliamuka na kuongea na diske. Akaiita CP/M.

Aliionyesha kwa Intel. Wale wakubwa walipenda lugha PL/M, lakini CP/M hawakuona faida yake. Basi Kildall na Dorothy wakafungua kampuni yao. Mwanzo waliipa jina la kuchekesha lenye kuongelea nyota zote za mbingu, Intergalactic Digital Research, kiisha wakalifupisha kuwa Digital Research. Yeye aliandika programu, bibi yake aliongoza biashara. Ku kazi Dorothy alitumia jina lake la usichana, kusudi wateja wasimuone kama bibi ya mukubwa tu. Waliuzisha CP/M kwa karibu dola 70, mu bahasha, kwa watu walioona tangazo mu gazeti la wapenda ordinatere.

MASHINE YA KUSAGA NA MOTERE YAKE

Kile kilichofanya Kildall akumbukwe si kwamba aliandika sisteme. Wengine nao waliziandika. Akili yake ilikuwa pengine.

Mu miaka hiyo kila kampuni ilitengeneza ordinatere kwa namna yake. Sisteme iliyoandikwa kwa mashini moja haikufanya kazi ku ingine. Kila mara Kildall alipaswa kuandika upya karibu kila kitu. Mwaka 1977, wakati kampuni IMSAI ilitaka CP/M kwa mashini zake, na kulipa dola 25.000 kwa ruhusa hiyo, aligawanya sisteme mu sehemu mbili. Sehemu kubwa haigusi vyombo, haibadilike hata kidogo. Sehemu ndogo njo inaongea na klavye, ekra na diske. Hiyo ndogo akaiita BIOS. Ukihama ku ordinatere ya kampuni ingine, unaandika upya BIOS tu.

Wenye mashine za kusaga ku Rutshuru watafahamu haraka. Tangu sentrale ya Matebe ilianza kutoa umeme mwisho wa mwaka 2015, mwenye mashine anaweza kuacha motere ya mazutu na kufunga ya umeme. Ile sehemu ya kusaga haitupwi, mahindi ni yale yale, unga ni ule ule. Anabadilisha motere na kile kinachoiunganisha. Kildall alifanya hivyo kwa ordinatere, na neno BIOS linatumiwa mpaka leo na watengenezaji wa ordinatere pa Goma, hata wenye hawajasikia jina lake.

Matokeo yalikuwa makubwa. Mutu aliyeandika programu kwa CP/M aliweza kuiuzisha kwa wenye ordinatere za kila aina. Programu ya kuandikia barua, WordStar, na ile ya kupanga majina na hesabu, dBase, zilikomalia ku CP/M. Mbele ya 1981 kuisha, CP/M ilikuwa inaendesha aina karibu 3.000 za ordinatere, na Digital Research iliingiza dola zaidi ya miliyoni 5 kwa mwaka. Hayo yote yalifanywa mu nafasi ya kilobaiti 64, wakati picha moja tu ya telefone ya leo inaweza kuomba nafasi kupita hiyo mara 20.

Hata Microsoft ilikuwa muteja. Mwaka 1980 Microsoft ilitoa karte ya kuchomeka ndani ya ordinatere Apple II, kusudi mwenye Apple nyumbani aweze kutumia CP/M pembeni ya sisteme ya Apple. Ruhusa ya CP/M ilinunuliwa kwa Kildall. Hiyo ilikuwa moja ya njia za kwanza kwa mutu wa kawaida kuweka sisteme ingine ku ordinatere yake ya nyumbani.

Na herufi? CP/M iliita diske ya kwanza A, ya pili B. Sisteme zilizofuata zikaendelea na desturi hiyo. Diske kubwa ya ndani ilipofika, ilikuta A na B zimekwisha kukamatwa na diskete, ikapewa C. Diskete zimekufa, viti vyao bado viko tupu.

SIKU ILE YA IBM

Mwaka 1980 IBM, kampuni kubwa kabisa ya ordinatere duniani, iliamua kutengeneza ordinatere ndogo. Ilitaka kuenda mbio, kwa hiyo iliamua kununua sisteme kwa wengine. Wajumbe wake walianza kwa Bill Gates, mukubwa wa Microsoft karibu na Seattle. Wakati ule Microsoft iliuzisha lugha za kuandikia programu, haikuwa na sisteme ya kuwapa. Gates mwenyewe akawatuma kwa Kildall.

Hapa njo radio ya barabarani inaingia. Inasema Kildall alidharau IBM akaenda kutembea na ndege yake, na pale pale utajiri ukamupita. Sisi wakaaji wa Kivu tunajua vile habari inaweza kutoka mu kinywa kimoja ikiwa kuku na kufika mu kinywa cha kumi ikiwa ngombe. Mambo yenye kukubaliwa na karibu wote ni haya. Asubui Kildall alikuwa amesafiri kweli na ndege yake, lakini kwa kazi: alienda kuona muteja, safari iliyopangwa. Kuongea kontra na makampuni ilikuwa kazi ya Dorothy siku zote, haikukuwa kitu cha ajabu yeye njo apokee wageni. Wajumbe wa IBM, mbele ya kusema kitu chochote, walimuomba atie sahihi ku karatasi ya siri. Ile karatasi ilikuwa inachunga siri za IBM, lakini ya Digital Research haikuchungwa namna ile ile. Dorothy aliita avoka, na saa zikapita mu kubishana juu ya karatasi.

Kwa yaliyofuata, walioishi siku ile hawakuelewana mpaka mwisho. Kildall alishikilia kwamba alirudi ile siku na kuongea na wajumbe. Ku ngambo ya IBM, kiongozi wa ujumbe alisema hakumuona. Lakini tatizo la kweli halikuwa ndege. Digital Research ilizoea kulipwa kwa kila kopi inayouzishwa. IBM ilitaka kulipa mara moja na kumaliza, na kuipa sisteme jina lingine. Zaidi ya hapo, toleo la CP/M kwa mikroprosesa mpya ya namna IBM ilitaka lilikuwa limechelewa. Kama kuna kosa la kumuhesabia Kildall, ni huko kuchelewa. Kuenda kuona muteja haikukuwa kosa.

Kuchelewa huko kulifungulia mwengine mulango. Karibu na Seattle, kampuni ndogo ilikuwa imetengeneza ordinatere yenye mikroprosesa mpya, ikachoka kungojea CP/M. Mufanyakazi wake, kijana Tim Paterson, akaandika sisteme yake ya haraka, akifuata kitabu cha maelezo ya CP/M kusudi programu za CP/M ziweze kuhamishwa kwa urahisi. Paterson alikataa siku zote kwamba aliiba maandiko ya Kildall. Kildall naye alikufa akiamini kazi yake ilichukuliwa. Tribinali haikukata maneno hayo, na wakati ule sheria juu ya mali ya programu haikukuwa wazi.

Microsoft ilinunua sisteme ya Paterson kwa feza isiyofika dola 100.000, ikaitengeneza, ikaipatia IBM. Na mu kontra Gates alichunga jambo moja kubwa: haki ya kuuzisha sisteme hiyo kwa makampuni mengine. IBM ilikubali. Utajiri wa Microsoft ulianzia pale.

DOLA 40 NA DOLA 240

Kildall alipoona sisteme ya IBM, alitambua ya kwake mu namna ilivyopangwa. Alitisha kupeleka IBM ku tribinali. IBM ikatafuta mapatano: itauzisha CP/M nayo, muteja atachagua. Kildall alikubali, akifikiri wateja watachagua ile wanayoijua.

Ordinatere ya IBM ilitoka tarehe 12 mwezi wa nane 1981. Sisteme ya Microsoft, kwa jina PC DOS, ilikuwa dola 40. CP/M ilifika dukani miezi mingine nyuma, mwaka 1982, na beyi yake ilikuwa dola 240. Njo hivyo muteja alivyopewa kuchagua. Mutu anayenunua ordinatere ya kwanza ya maisha yake, anaonyeshwa sisteme mbili zinazofanya karibu kazi moja, moja ni dola 40 na ingine ni mara 6 ya hiyo. Kildall aliamini mpaka mwisho kwamba IBM iliweka beyi ile kwa kusudi.

Mu miaka miwili mitatu, waandishi wa programu walihamia ku DOS. Wateja wakafuata programu, na waandishi wakazidi kufuata wateja. CP/M iliendelea kuishi mu nyumba za watu, zaidi ku Uingereza, mu ordinatere za beyi nafuu za Amstrad. Lakini ku maofisi ilikuwa imekwisha.

KUISHI UKIWA WA PILI

Watu hupenda kumaliza habari ya Kildall pale, kama vile alikaa chini na kulia. Hakukaa chini. Kampuni yake ilikuwa bado kubwa, na yeye hakukuwa masikini: alikuwa na ndege, mashua, magari na nyumba nzuri. Tangu 1983 mpaka 1990 alionekana ku televizio ya Marekani mu kipindi cha kufundisha watu juu ya ordinatere, akikaa pembeni ya mutangazaji Stewart Cheifet na kueleza pole pole kama mwalimu alivyozoea. Pamoja na mwenzake Tom Rolander alifungua kampuni ingine iliyoweka kitabu kizima cha maarifa yote, chenye vitabu vingi ndani, ku sede moja, mwaka 1985. Wakati ule wengi walijua sede kwa muziki tu.

Digital Research nayo ilitoa GEM, iliyofanya mutu afungue mafishie kwa kugusa picha na panya pahali pa kuandika maneno. Na mwaka 1988 ikatoa DR-DOS: sisteme iliyokubali programu zote za DOS ya Microsoft, kwa beyi ndogo na kwa vyombo ambavyo Microsoft haikuwa navyo bado. Yule ambaye kazi yake ilifuatwa, sasa njo alikuwa anafuata nyuma.

DR-DOS ilisifiwa sana na wenye kuijaribu. Lakini ilikuta ukuta ambao mununuzi wa dukani haonaki. Makampuni mengi ya kutengeneza ordinatere yalikuwa na kontra ya kulipa Microsoft kwa kila mashini iliyouzishwa, hata kama ndani ya mashini hiyo haikuwekwa DOS ya Microsoft. Kwa hiyo mwenye kuweka DR-DOS alilipa sisteme mbili ili atumie moja. Na mwisho wa 1991, toleo la majaribio la Windows 3.1 lilikuwa na kipande kilichochunguza kama DOS iliyo chini yake ni ya Microsoft. Ikikuta ingine, ilionyesha neno la kutisha la kosa. Mutu anayeona neno kama hilo ku ekra anafikiri sisteme yake ni mbovu.

Mambo hayo yalifika mbali. DR-DOS ilipitia mikono mbalimbali, na mwaka 1996 kampuni Caldera iliishitaki Microsoft kwa sababu hiyo. Mwezi wa kwanza mwaka 2000 wakapatana mbele ya tribinali kukaa, na nyuma ikajulikana kwamba Microsoft ililipa dola miliyoni 280. Kildall hakuviona.

MIAKA YA MWISHO

Yeye na Dorothy walikuwa wameachana mwaka 1983. Alioa tena, ndoa hiyo nayo ikavunjika. Mwaka 1991 Digital Research ilinunuliwa na kampuni Novell. Kildall alihamia Texas, karibu na muji wa Austin, na kule alijitolea kusaidia watoto wenye ugonjwa wa SIDA.

Ile habari ya ndege haikumuacha. Kila mukutano, kila gazeti, watu walimuuliza kitu kimoja. Mwaka 1992 chuo kikuu alichosomea kiliandaa sikukuu ya miaka 25 ya idara yake ya ordinatere, na msemaji mukubwa aliyealikwa alikuwa Bill Gates, ambaye hakusoma pale. Iliumiza Kildall sana. Akaandika kitabu cha maisha yake, akagawia marafiki wachache kopi. Hakikutolewa kwa watu wote wakati alikuwa hai. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2016 na watoto wake, kupitia makumbusho ya historia ya ordinatere ya California. Walieleza kwamba sehemu zingine ziliandikwa wakati pombe ilikuwa imeanza kumushinda.

Tarehe 8 mwezi wa saba 1994, ku Monterey, aliumia kichwa ndani ya baa. Namna alivyoumia haikujulikana vizuri mpaka leo. Siku tatu nyuma, tarehe 11, akafa kwa damu iliyovuja mu kichwa. Alizikwa Seattle.

Siku nne tu kiisha, tarehe 15, Microsoft ilipatana na serikali ya Marekani kuacha zile kontra za kulipisha kila mashini.

Kwetu hakuna aliyesikia habari hizo. Mu wiki ile ile, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walianza kuingia Goma, kiisha kolera ikafuata, na majina ya Kibumba, Katale na Mugunga yakajulikana dunia nzima. Nani angeuliza juu ya sisteme ya ordinatere?

KWETU LEO

Leo swali limefika mu nyumba zetu. Ordinatere nyingi zinazouzishwa pa Goma na kupandishwa Rutshuru ni zile zilizotumiwa kwanza Ulaya ao pengine. Windows iliyo ndani mara nyingi haikulipiwa na mwenye kuuzisha. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025 Microsoft ilimaliza musaada wa kawaida kwa Windows 10, na mashini nyingi za zamani haziruhusiwe kuingia ku Windows 11. Wenyewe wanabaki na sisteme isiyopata tena dawa, na flashi zetu tunazijua: zinatoka sekretaria moja kuenda ingine na virusi ndani.

Ya pili ya leo ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ule mwaka Digital Research iliuzwa. Ina jina moja ambalo watu wa hapa hawaombi kutafsiriwa. Mu mwezi wa kumi 2004 kulitoka Linux ya kutumiwa nyumbani kwa jina Ubuntu. Jina lilitolewa Afrika ya kusini, lakini msemaji wa Kinyarwanda analisikia sawasawa, na wa Kiswahili anajua utu.

Kuna tofauti moja na CP/M. CP/M ilishindwa na beyi. Linux haina beyi: mutu anaishusha mara moja, anaiweka ku flashi, anapatia jirani, na sheria inakubali. Hakuna mwenye anaweza kuipandisha mara 6 ili muteja aikimbie. Virusi vilivyoandikwa kwa Windows kwa kawaida havifanye kazi ndani yake, na ziko aina zinazoenda vizuri ku mashini ya zamani yenye nguvu kidogo.

Lakini ile shida ingine ya Kildall bado iko. Watu wanafuata programu. Mwenye sekretaria ambaye wateja wake wanaleta kazi ya Word ataona LibreOffice inafungua hiyo kazi, lakini pengine mustari umehama ao tablo imevunjika. Programu fulani ya hesabu ya kampuni inaweza kukosa toleo la Linux. Imprimante zingine zinakubali mara moja, zingine zinasumbua. Na kushusha sisteme nzima kunaomba mega nyingi, mu muji ambapo mega si bure.

Kwa hiyo mwenye kutaka kujaribu asifute kitu kwanza. Achunge mafishie yake yote ku diske ingine. Aombe mwenye kujua amuwekee Ubuntu ao Linux Mint ku flashi, kiisha awashe ordinatere kupitia ile flashi: sisteme itaamuka bila kugusa Windows iliyo ku C. Atumie siku mbili tatu, aangalie kama imprimante inatoa karatasi, kama modeme inakamata rezo, kama kazi yake inafunguka. Akiona inamufaa, ataweza kuweka sisteme zote mbili pamoja na kuchagua kila akiwasha.

Ku Pacific Grove, ku nyumba iliyokuwa ofisi ya Digital Research, kuna kibao kilichowekwa mwaka 2014 na shirika la mainjiniya la dunia, IEEE, kwa kumbukumbu ya CP/M. Mwaka ule ule maandiko ya matoleo ya kwanza ya CP/M yalifunguliwa na makumbusho kusudi anayependa ayasome. Kile Kildall aliandika mu Pacific Grove sasa mwanafunzi wa enformatike wa Goma anaweza kukishusha kwa mega chache.